Lita Kumi na Nne

Kwevri haifinyangwi kwa gurudumu.
Ni mtungi wa kummeza mtu mzima,
wa kuzikwa hadi shingo, divai ilale humo
theluji ikianguka juu yake.
Haizunguki. Anayezunguka ni baba:
kila siku pete moja ya udongo, kimo cha vidole vitatu,
kisha ananawa, anangoja ikauke
iweze kuibeba ya kesho.
Pete thelathini na nne. Miezi miwili;
mvua ikipenda, mitatu.

Malkhazi wa Telavi aliagiza ya lita elfu moja na mia mbili.
Alikuja na futi ya chuma na mashaka yake:
"Hii haifiki."
Baba akaniita mimi, wa mwaka wa pili Tbilisi,
niliyerudi likizo na daftari la kalkulasi
na viatu visivyojua matope.

Nikaingia. Taa kipajini, harufu ya nta.
Nikaning'iniza timazi toka katikati ya mdomo
hadi kwenye ncha ya kitako: huo ndio mhimili.
Toka uzi hadi ukuta, pete kwa pete,
nikapima, nikipaza sauti
kwa shangazi Lamzira aliyekuwa nje akiandika
na kuyasahihisha matamshi yangu ya mjini.

Chukua mstari mmoja tu, uliopinda kama ubavu.
Uzungushe kandokando ya uzi, duru kamili,
nao, usio na unene, usio na uzito,
utaacha nyuma yake tumbo.
Likate tumbo hilo vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
kila kipande duara:
nusu kipenyo mara nusu kipenyo, mara pai,
mara unene ambao karibu haupo.
Kisha vijumlishe vyote.
Haba na haba, kibaba kikajaa;
ila sikuwahi kuona haba ndogo kiasi hicho.

"Elfu moja, mia moja tisini na nane!"
Sauti yangu ikazunguka humo mara nne
kabla ya kupata njia ya kutoka.

Malkhazi hakubishana. Alitaka maji.
Ndoo za lita kumi na mbili, tukihesabu sote,
hata mtoto wa jirani aliyejua kuhesabu hadi thelathini tu
na akawa anaanza upya.
Ndoo tisini na nane. Lita nane juu yake.
Maji yakagusa mdomo.

Kumi na nne hazipo.

Nikarudia miraba. Nikarudia pai.
Nikamshuku shangazi, Mungu anisamehe.
Baba akawasha sigara, akaizima.
"Ulipima upande upi?"
"Mashariki. Lakini pande zote ni sawa, baba,
kanuni inasema ukizungusha..."
"Kanuni ilikuwa wapi siku ile?"

Akagonga magharibi kwa kifundo cha kidole,
pete ya ishirini na mbili. Mlio mzito.
"Hapa pamebonyea. Nje nikajaza, nikapaka chokaa.
Ndani nikapaacha."
Nami nikakumbuka: wakati wote nilipokuwa nikipima
mgongo wangu uliegemea hapohapo,
ukaona raha.

"Nilikupeleka stendi," akasema, akiitazama ndoo.
"Basi likachelewa. Nikakaa nawe.
Sikuwa nimeifunika. Nikarudi, jua limekausha upande mmoja,
ule mwingine umelala."

Malkhazi akakohoa, akataka apunguziwe.
Baba akampunguzia za lita kumi na nne, wala si tetri moja zaidi,
akaniambia niandike.

Niliandika chini ya jibu, ambalo sikulifuta:
magharibi, pete ya ishirini na mbili,
kina cha vidole vinne.
Halafu tukaanza kuyachota yale maji,
kwani huwezi kuihamisha ikiwa imejaa.